Ustawi si neema

Ulizia ustawi pale Ujiji, utaelekezwa kwa afisa wa ustawi wa jamii, kunakopelekwa madai ya matunzo ya watoto. Neno zuri limeachiwa shida peke yake. Shambani bado lina afya: mchikichi hustawi, mhogo hustawi. Mji je?

Karne ya 19 Ujiji ilijaa pembe za ndovu, na watumwa. Wachache walitajirika, lakini kuuita utajiri huo ustawi mimi siwezi. Reli ilipofika Kigoma mwaka 1914, biashara ikahamia huko.

Wavuvi wao husema neema. Usiku wa giza taa huwashwa ziwani, dagaa wakaifuata nuru, na asubuhi mwalo mzima unanuka pesa. Mbalamwezi iking'aa, nyavu hupumzika. Mwaka 2024 serikali ilifunga uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, samaki wazaliane. Watu walinung'unika, na sufuria haikuwa na cha kuchemsha. Hata hivyo, kwa miezi hiyo mitatu isiyo na neema, ustawi ndilo neno ambalo ningelichagua. Waandishi wa hotuba wanaopenda kutangaza kwamba “neema imeshuka Kigoma” wangejaribu neno hilo.