Kipande: Cheti cha shingoni kilichogeuka kitambulisho

MKENYA anayesimamishwa langoni mwa ofisi na kuambiwa atoe "kipande" huenda asitambue uchungu uliomo katika neno hilo. Siku hizi ni jina la mazoea la kitambulisho cha taifa. Wakati wa ukoloni lilikuwa jina la cheti kilicholazimishwa watu wa rangi moja pekee, na wanaume wao tu.

Sheria ya kuwasajili Waafrika ilipitishwa mwaka wa 1915, lakini kwa sababu ya Vita vya Kwanza vya Dunia haikuanza kutekelezwa kikamilifu hadi vita vilipokwisha. Kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza umri wa miaka 16 alitakiwa kuchukuliwa alama za vidole na kupewa karatasi yenye jina lake, kabila lake, jina la mwajiri na mshahara aliokuwa akilipwa. Karatasi hiyo ilitiwa katika kijisanduku cha chuma kilichofungwa kamba na kuvaliwa shingoni. Kuna walioifananisha na kengele ya mbuzi, na si ajabu, kwani kazi zake zilikaribiana: kumjulisha mwenye mali mnyama wake yuko wapi.

Nguvu ya kipande haikuwa katika chuma chake bali katika sahihi ya mwajiri. Kibarua aliyetaka kuacha kazi ilimlazimu bwana wake aandike kwamba amemruhusu. Bila sahihi hiyo hakuna mlowezi mwingine aliyepaswa kumwajiri, na akiondoka hivyo hivyo alihesabiwa kuwa mtoro na kushtakiwa kama mhalifu. Alama zake za vidole zilikuwa Nairobi, hivyo kujificha hakukuwa rahisi. Kwa njia hiyo mkataba wa kazi, ambao kwa Mzungu ulikuwa suala la madai ya kawaida, kwa Mwafrika ukawa suala la jela.

Kipande hakikusimama peke yake. Kodi ya nyumba, na baadaye kodi ya kichwa, zililazimisha watu kutafuta fedha, na fedha zilipatikana katika mashamba ya walowezi. Sheria ya ardhi ya mwaka huo huo wa 1915 iliwapa walowezi mikataba ya miaka 999 katika nyanda za juu zenye rutuba, ambako Mwafrika hakuweza kumiliki shamba. Angeishi huko kama mfanyakazi au maskwota.

Mnamo 1921 walowezi, wakilalamikia hali mbaya ya uchumi, walikubaliana kupunguza mishahara ya Waafrika kwa thuluthi moja. Harry Thuku, kijana aliyekuwa mhudumu wa simu katika idara ya fedha ya serikali mjini Nairobi, alianzisha chama cha vijana wa Kikuyu, na muda mfupi baadaye akakigeuza kuwa East African Association ili watu wa makabila mengine wajiunge. Alipinga kipande, kodi, na kufanyishwa kazi za lazima kwa wanawake na wasichana.

Alikamatwa Machi 14, 1922. Siku mbili baadaye umati mkubwa ulikusanyika nje ya kituo cha polisi, karibu na hoteli ya Norfolk, ukidai aachiliwe. Wazee waliotumwa kuzungumza na serikali waliporudi na kuwasihi watu watawanyike, Mary Muthoni Nyanjiru alijitokeza na kuinua nguo yake mbele ya wanaume, tendo ambalo katika mila za Wakikuyu ni tusi kuu, akiwataka wampe suruali zao iwapo wameshindwa na kazi ya wanaume. Umati ulipousogelea mlango, polisi walifyatua risasi. Inasimuliwa kwamba Wazungu waliokuwa kwenye baraza ya hoteli nao walipiga. Nyanjiru alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuuawa. Serikali ilitaja vifo 21; mashahidi wengine walitaja idadi kubwa zaidi. Thuku alipelekwa Kismayu bila kufikishwa mahakamani, na hakuachiliwa hadi 1930.

Kipande kiliendelea. Sheria ya 1947 ndiyo iliyoleta usajili wa watu wa rangi zote, na hapo walowezi walipiga kelele wakisema kuchukuliwa alama za vidole ni kudhalilishwa. Ilibidi serikali ilegeze kamba: aliyeweza kujaza fomu kwa Kiingereza na kutoa picha zake alisamehewa wino. Mwafrika alikuwa amedhalilishwa kwa wino huo huo tangu vita vilipokwisha, bila tume yoyote kuundwa kumhurumia.

Uhuru uliondoa ubaguzi wa rangi sheriani. Wanawake waliingizwa katika usajili kwa marekebisho ya 1978. Hata hivyo, swali la nani anastahili kitambulisho halikwisha. Mnamo 1989 Wakenya wa asili ya Kisomali walichujwa na kupewa kadi za rangi ya waridi kuthibitisha uraia wao. Wanubi, ambao mababu zao waliletwa kutoka Sudan kama wanajeshi wa Waingereza na kupewa makao Kibra, nao walipitishwa kwenye kamati za uchunguzi ambazo jirani zao hawakuzijua. Machi 2011 kamati ya Umoja wa Afrika inayosimamia haki za watoto iliamua kwamba Kenya ilikuwa imekiuka haki za watoto wa Kinubi.

Katiba ya 2010 inakataza ubaguzi wa rangi na wa kikabila. Wamakonde walitambuliwa kama kabila la 43 mapema 2017, baada ya kutembea kutoka Kwale kuja Nairobi mwaka uliotangulia. Washona walipata uraia 2021 na Wapemba 2023. Wanubi walipewa hatimiliki ya ekari 288 za Kibra mwaka wa 2017, ilhali eneo lililotengwa na wakoloni lilizidi ekari 4,000. Februari 2025, akiwa Wajir, Rais William Ruto alitia sahihi tangazo la kukomesha uchunguzi maalumu kwa wakazi wa kaskazini mashariki wanaoomba kitambulisho, zaidi ya miaka 60 baada ya uhuru.