Chemchemi iliyo juu ya Sale: jinsi sayansi ilivyochelewa kuipima anga yetu

Sale ni moja ya tarafa tatu za Wilaya ya Ngorongoro, pamoja na Loliondo na Ngorongoro yenyewe. Kama jina ni geni kwako, kumbuka kikombe cha Babu mwaka 2011: kijiji cha Samunge kiko huko. Wasonjo wa Sale wamelima kwa vizazi vingi kwa maji ya chemchemi wanayoyaongoza kwa mifereji hadi mashambani. Shika hiyo picha ya chemchemi, tutaihitaji.

Sasa fikiria ni jioni ya mwezi Machi, jua limeshazama, na wewe unamsaidia mpima ardhi anayewahi kumalizia mpaka wa shamba kwa GPS. Mara vipimo vinaanza kuyumba. Mashine nzima, betri imejaa, wingu hakuna. Shida yaweza kuwa kilomita 300 hivi juu ya kichwa chako.

Huko juu kuna tabaka linaloitwa ionosfea. Mionzi mikali ya jua hung'oa elektroni kutoka kwenye atomi za hewa, na tabaka zima likawa na chaji za umeme. Juu ya ikweta ya sumaku, mistari ya uga wa sumaku wa Dunia hulala sambamba na ardhi. Mchana, nguvu za umeme na sumaku huzipandisha elektroni juu, kisha zinateremka kufuata mistari hiyo, nyingine kaskazini, nyingine kusini. Wanasayansi wenyewe wanaiita chemchemi. Elektroni zake hujikusanya kiasi cha nyuzi 15 kila upande. Na kwa kuwa ikweta ya sumaku upande wetu inapita Ethiopia, lile rundo la kusini mara nyingi linaangukia juu ya Kenya na Tanzania. Jua likizama, tabaka hili hutibuka na kufanya mapovu makubwa. Mawimbi ya setilaiti yakipita humo humetameta kama nyota, na kipokezi chako chini kinachanganyikiwa. Hii ni sehemu ya kile kinachoitwa hali ya hewa ya anga za juu.

Je, watu walijuaje haya? Hapa ndipo historia inapovutia, kwa sababu mengi yaligunduliwa mbali na kwetu.

Kituo cha Huancayo, Peru, ambacho nacho kiko karibu na ikweta ya sumaku, kilianza kupima uga wa sumaku mwaka 1922, na sindano zake zikaonyesha mabadiliko makubwa ya mchana kuliko ilivyotarajiwa. Mwaka 1938 Henry Booker na Harry Wells walieleza vurugu za ionosfea za usiku zilizoonekana kituoni hapo. Mwaka 1946 Edward Appleton akaonyesha kwamba elektroni ni nyingi pembeni mwa ikweta ya sumaku kuliko juu yake. Kisha mwaka 1951 Mwingereza Sydney Chapman akaupa jina mkondo wa umeme unaotiririka mchana juu ya ikweta hiyo, kwenye kimo cha kilomita 100 na kidogo. Mlike jina la Chapman, litarudi.

Chapman huyohuyo aliongoza kamati ya Mwaka wa Kimataifa wa Jiofizikia, 1957 hadi 1958, ambapo nchi nyingi zilikubaliana kuipima Dunia kwa pamoja. Ukitoka Sale ukaelekea kaskazini kwa kufuata Bonde la Ufa, baada ya kilomita zaidi ya 1,200 unafika Addis Ababa. Huko, padri Mjesuiti kutoka Kanada, Pierre Gouin, alianzisha kituo cha jiofizikia chuoni mwaka 1957, na mashine zake za sumaku zikaanza kuandika mwaka 1958.

Mwaka huohuo wa 1957, madaktari wanaoruka wa AMREF walianza kazi Afrika Mashariki. Baadaye hospitali za mbali ziliunganishwa nao kwa redio kol. Redio hizo za masafa marefu hutegemea ionosfea irudishe mawimbi chini, kama mpira unaodunda darini. Jua likilipuka mchana, mawasiliano hayo huweza kuzimika kwa dakika kadhaa, hata saa. Kwa hiyo usidhani ni habari ya wasomi tu: ilikuwa ni suala la mgonjwa kupata ndege au kuikosa.

Lakini miaka ikapita, na vituo vikabaki vichache. Bara la Afrika ndilo lenye nchi kavu ndefu kuliko zote chini ya ikweta ya sumaku, ila sehemu kubwa ya ujuzi uliendelea kutoka Peru. Ilidhaniwa kwamba ikweta ni ikweta. Kumbe sivyo! Setilaiti zilionyesha kwamba mapovu ya anga ya Afrika yana tabia zake, na huonekana hata katika miezi ambayo Amerika ya Kusini yametulia. Ila ukitazama chini, vifaa vya kuhakikisha havikuwepo.

Mabadiliko yalikuja na Mwaka wa Kimataifa wa Heliofizikia, ulioanza 2007, miaka 50 baada ya ule wa Chapman. Chuo Kikuu cha Kyushu cha Japani kiliweka mashine za sumaku Addis Ababa, Nairobi na Dar es Salaam, miongoni mwa sehemu nyingine. Kisha Novemba 2012, wanasayansi kutoka mabara mbalimbali walikutana Addis Ababa kujadili swali moja: kwa nini hali ya hewa ya anga za juu hutofautiana kutoka longitudo moja hadi nyingine? Miongoni mwa walioandaa alikuwa Endawoke Yizengaw, mwanasayansi wa Kiethiopia. Na mkutano wenyewe? Ni wa mfululizo unaoitwa Mikutano ya Chapman. Jina lilirudi kwenye ikweta aliyoishughulikia.

Basi tumeshamaliza? Bado. Mei 2024 dhoruba kali ya jua ilivuruga GPS hadi baadhi ya wakulima wa Marekani wakasimamisha matrekta katikati ya kupanda. Wao walijua sababu mapema, kwa kuwa anga yao inapimwa kila dakika. Jua lina mzunguko wa miaka 11 hivi, kwa hiyo kulielewa kunataka miongo ya vipimo visivyokatika. Mashine ikiharibika Dar es Salaam leo na kukaa mwaka bila fundi, hakuna fedha itakayonunua ule mwaka.

Wazee wa Sale wanajua kwamba mfereji usiposafishwa kila msimu, chemchemi inabaki ya kutazama tu. Hii ya juu nayo ni hivyohivyo. Kama unasoma fizikia, uhandisi au upimaji ardhi na unatafuta mada ya utafiti, ngoja jua lizame kisha uwashe GPS.