Udhamini wa Mkopo: Serikali Inaahidi Nini Hasa?

Mtu akishikwa na polisi, ndugu zake huhangaikia dhamana. Akienda benki kukopa, huulizwa ana dhamana gani. Serikali nayo ikitaka kukopa kwa wananchi, huuza dhamana za muda mfupi kupitia Benki Kuu. Basi mwenye karakana akisikia redioni habari za "mikopo ya viwanda vidogo yenye dhamana ya serikali", si ajabu akadhani kwamba hela ni za serikali, na kwamba akishindwa kulipa, serikali itamalizana na benki, yeye aendelee na shughuli zake.

Hapo kwenye kumalizana na benki pana chembe ya ukweli, ndiyo maana panapotosha zaidi.

Chukua fundi samani wa Keko, Dar es Salaam, anayetaka mashine ya kuranda mbao. Oda anazo, wateja anao, ila hati ya nyumba hana. Pengine ana leseni ya makazi tu. Benki inaogopa. Mchuuzi wa nguo akikwama, mzigo wake huuzika siku hiyohiyo. Mashine ya kuranda iliyotumika humsubiri mnunuzi wake, na bei huzidi kushuka. Mfuko wa udhamini unaingia kati na kuiambia benki: kopesha fedha zako, hasara ikitokea tutagawana. Tuseme fundi amekwama akidaiwa milioni 12. Mashine ikauzwa kwa milioni 4, zikabaki 8. Kama mfuko ulidhamini nusu ya hasara, utailipa benki milioni 4, nyingine 4 ni maumivu ya benki. Fundi hajasamehewa hata senti. Kwa kawaida mfuko ukishalipa hushika nafasi ya benki kwa kiasi hicho, na deni hufuatiliwa kama kawaida.

Kwa hiyo kuna mambo mawili yanayobebeshwa neno moja. Mashine aliyoiweka fundi ni dhamana, au rehani. Ahadi ya mfuko kwa benki ingefaa iitwe udhamini. Nalo lina kasoro yake: mashabiki wa Simba na Yanga wamezoea mdhamini anayetoa fedha ili nembo yake ikae kifuani mwa jezi, bila kumdai mtu. Hata hivyo "udhamini wa mkopo" una nafuu, kwa sababu unamlazimisha msikilizaji kuuliza nani anamdhamini nani, na kwa nani.

Tanzania ilianzisha mfuko wa namna hii kwa wajasiriamali wadogo na wa kati mwaka 2005, chini ya usimamizi wa Benki Kuu kwa niaba ya serikali. Kenya ilizindua wake Desemba 2020, wakati wa korona, ikianza na benki saba. Marekani imezoea zaidi: wakala wake wa biashara ndogo uliundwa 1953, na katika mpango wake mkuu kiwango cha kawaida cha udhamini ni hadi asilimia 85 kwa mikopo isiyozidi dola 150,000, na hadi asilimia 75 kwa mikubwa zaidi.

Mbona si asilimia 100? Uingereza ilijaribu mwaka 2020. Kunusuru biashara ndogo wakati wa korona, serikali ilidhamini mkopo wote, hadi pauni 50,000, na mwombaji akajaza mwenyewe taarifa za mapato yake. Fedha zilitoka haraka kweli, zaidi ya pauni bilioni 46 kwa jumla, lakini matapeli nao walipanga foleni, wengine kwa majina ya kampuni zisizofanya biashara yoyote. Kinyume chake, ofisa wa mikopo ambaye benki yake itabeba nusu ya hasara hufunga safari hadi Keko, akahesabu mbao zilizopo na kudai kuona daftari la oda.