"Demise": Kifo au Makabidhiano?

Katika salamu za rambirambi zinazoandikwa kwa Kiingereza twakutana mara nyingi na neno "demise", kwa maana ya kifo. Historia yake yafaa kuangaliwa. Lilitoka katika Kifaransa cha kale, na shina lake ni kitenzi cha Kilatini mittere, yaani kutuma au kuachilia. Wanasheria wa Uingereza walilitumia kwa kukabidhi ardhi, ama kwa kukodisha ama kwa wosia. Kisha lilihusu taji: mfalme afapo, enzi huhamia kwa mrithi papo hapo, kama ilivyokuwa tarehe 8 Septemba 2022 alipofariki Malkia Elizabeth II. Katika karne ya 18 lilianza kumaanisha kifo cha mtu yeyote, na wazo la kukabidhi likafifia.

Sisi tuhubirio makaburini tusilisahau. Wimbo wa Simeoni (Luka 2:29), ambao Kilatini chake kina shina lilo hilo, watuonyesha mzee anayeachiliwa na Bwana wake. Kiswahili chetu husema kufariki, yaani kutengana. Uchungu huo tusiwafiche wafiwa. Lakini tuwaambie pia kwamba mpendwa wao amekabidhiwa kwa Baba, na kazi aliyoiacha imekabidhiwa kwetu.