Historia iliyoandikwa na boyi

Mwaka 1965, mjini Élisabethville, leo Lubumbashi, chama cha waliokuwa boyi wa Wazungu kiliandika historia ya mji kwa Kiswahili chetu cha Katanga. André Yav ndiye aliyeikusanya. Maneno yalishikana, herufi hazikufuata kanuni za shule, kuisoma kwa macho tu kulikuwa shida. Kalundi Mango aliisoma kwa sauti, ndipo mtafiti Johannes Fabian akaielewa vizuri. Kitabu kilitoka 1990, baadaye maandishi yakawekwa kwenye intaneti.

Familia zilizohama, nanyi mnaweza. Mzee asimulie, mtoto aandike kwenye simu, jirani asome kwa sauti na kusahihisha. Herufi zitanyooka polepole. Mzee akifa kabla ya kuandikwa, habari za kijiji mlichoacha zitapotea naye.