Hemingway na Fani ya Kuacha

Mwishoni mwa mwaka 1933 Ernest Hemingway aliingia Tanganyika kuwinda. Januari 1934 alishikwa na ugonjwa wa kuhara damu katika nyika ya Serengeti, akachukuliwa kwa ndege kupitia Arusha hata Nairobi. Magharibi ya nyika hiyo, katika nchi ya Musoma, ndiko iliko Buhemba, ambako miaka ile ile watu walikuwa wakichimba dhahabu.

Safari hiyo ilizaa hadithi fupi mbili zilizotoka mwaka 1936: The Snows of Kilimanjaro na The Short Happy Life of Francis Macomber. Wanaojifunza uandishi kwazo hudhani kwamba siri yake ni sentensi fupi. Ni kweli kwamba gazeti la Kansas City Star, alikofanya kazi miezi michache tangu Oktoba 1917, liliwaagiza waandishi wake hivyo. Lakini kwa Kiswahili agizo hilo halina uzito mkubwa. Neno moja kama "nimemwambia" lachukua mtenda, wakati na mtendwa. Na sentensi ya maneno matatu yaweza kuwa domo tupu.

Kanuni iliyo kubwa zaidi aliieleza mwaka 1932 katika Death in the Afternoon. Mwandishi ajuaye jambo vema aweza kuliacha, na msomaji akalihisi, kama mlima wa barafu uendao baharini, sehemu moja tu katika nane ikionekana. Bali aachaye kwa kutojua huacha mashimo. Katika habari ya ndege kanuni imetimia: Harry, afaye kwa kidonda kilichooza, aiona ndege ikija kumchukua, na maelezo ni machache kwa kuwa mwandishi aliijua safari yenyewe.

Wenyeji je? Molo humletea Harry kinywaji. Kongoni huchukua bunduki. Walikotoka, walichokiacha kwao, walichosemezana jioni motoni, msomaji hakihisi hata kidogo. Kimya hicho wengine wamekisifu kuwa ni ustadi. Kwa kipimo cha Hemingway mwenyewe ni shimo.

Mwandishi wa Buhemba ajuaye jinsi mwamba ulivyosagwa, nani alilipwa nini, na nani hakurudi kwao, ana vitu vya kuacha. Akimwandika mchimbaji anayenawa mikono jioni bila kusema neno, msomaji wa Musoma atajua ni kwa nini.