Machozi, Jasho na Damu: albamu iliyohukumiwa na wazee

Wadau, leo tuguse historia kidogo. Mwaka 2003 rapa mmoja wa London, Dizzee Rascal, aliachia albamu yake ya kwanza, Boy in da Corner. Magazeti ya Uingereza yakaisifia, na mwaka huohuo ikabeba tuzo ya Mercury. Kwa wenzetu albamu inapimwa hivyo: mchambuzi anasikiliza, anaandika, anatoa alama.

Huku Bongo ilikuwa habari nyingine. Miaka miwili kabla ya hapo, 2001, Professor Jay wa Hard Blasters alitoa albamu yake ya kwanza akiwa peke yake, Machozi, Jasho na Damu. Mchambuzi wake mkali hakuwa mtu wa gazeti. Alikuwa mshua wako sebuleni, mwenye redio yake na mamlaka ya kuizima.

Na miaka ile, kwa watu wazima wengi, rap ilikuwa na jina moja tu: uhuni. Masuruali makubwa, kofia kinyume, kuiga Wamarekani. Saleh J alishaonyesha mwanzoni mwa miaka ya 90 kwamba unaweza kuchana kwa Kiswahili juu ya biti ya Vanilla Ice. Mr II akaja na maisha ya kitaa, na Radio One ikawapa vijana nafasi hewani. Madogo walishaelewa. Wazee bado.

Sasa chukua mji wetu, Tabora. Huu ni mji wa dansi: Kiko Kids, Nyanyembe Jazz, Tabora Jazz. Mzee wa Chemchem aliyecheza Asha ya Shem Karenga amezoea gitaa tamu na sauti ya kubembeleza. Umletee kijana anayeongea harakaharaka bila kuimba, atakuuliza: huu nao muziki?

Ndio Mzee ndiyo ngoma iliyojibu swali hilo. Mule ndani Jay anajifanya mwanasiasa anayeomba kura. Anaahidi wanafunzi watafanyia majaribio ya sayansi mwezini, na mabomba yatatoa maziwa. Umati unaitikia tu, ndio mzee. Hakuna haja ya kamusi hapo. Kila aliyewahi kupigwa jua kwenye mkutano wa kampeni anamjua jamaa huyo. Na mtindo wa mmoja kutoa na wengi kuitikia sio mgeni kwetu. Wapagazi wa Kinyamwezi waliibeba mizigo kutoka huku mpaka pwani wakiimba hivyohivyo, kirangozi mbele, wenzake nyuma wanapokea.

Ndio maana mimi nasema albamu ile haikupenya kwa biti. Ilipenya kwa sababu mtu mzima aliisikia mara moja, akaelewa, akacheka. Ukishacheka na mtu ni ngumu kumuita muhuni, hasa ukigundua kinachomuudhi yeye ndicho kinachokuudhi na wewe.

Ila kukubalika na wazee kuna bei yake. Wakikupa masikio, na wao wanakudai. Mwaka 2015 Professor Jay mwenyewe alipanda jukwaani kuomba kura, akashinda ubunge wa Mikumi kwa tiketi ya Chadema, akakaa bungeni mpaka 2020. Hebu fikiria, unawaahidi watu mambo wakati wewe ndiye uliyewafundisha kuzicheka ahadi! Kila neno lake lilikuwa na wimbo wa kulipimia. Mchambuzi gani wa London angempa mtihani kama huo?

Kwa hiyo wanangu mnaoandika mistari hapa Tabora huku mnahesabu views, fanyeni jaribio moja la bure. Mpigie bibi au mjomba ngoma yako mara moja tu, usimwelezee chochote. Halafu muulize imesema nini. Akishindwa kukwambia, usikimbilie kusema wazee hawajui hip hop. Walishaielewa tangu 2001.